Ndugu wa Isiolo, Tusimwachie Askofu Peke Yake

Tangu 2023 Isiolo si vikarieti tena bali ni jimbo kamili, na sasa linaongozwa na Askofu Peter Makau. Cheo tumepewa, kazi ya kutubu bado.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka mwaka 1964 kwamba Kanisa, ingawa ni takatifu, lina wakosefu ndani yake na halina budi kutubu kila siku. Sisi wa Isiolo hatukuhitaji hati ili tulijue hilo. Tarehe 14 Julai 2005 Askofu Luigi Locati, vikari wetu wa kwanza, aliuawa kwa risasi mjini humu, na miongoni mwa walioshtakiwa alikuwepo padre. Kidonda hicho hakiponi kwa kubadilisha kichwa cha barua za ofisi.

Toba inagusa fedha pia. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, Nairobi, zirudishwe. Wengi tulishangilia. Lakini siku ya harambee mheshimiwa akitua na bahasha, nani humwekea kiti cha mbele? Nani humpa kipaza sauti hata kabla ya baraka ya mwisho? Si askofu. Ni halmashauri ya parokia, ni kwaya, ni mimi na wewe tunaonyoosha shingo tusikie kiasi. Wakenya tumechekeshana sana na jina la Zakayo tulilombandika Rais kwa sababu ya kodi. Tumesahau kwamba yule wa Injili aliposhuka mtini aliahidi kurudisha mara nne.

Wako wanaosema, “Mimi nimeungama, mengine ni ya padre.” Toba ya namna hiyo naiona nusu. Kwenye jumuiya zetu ndogo ndogo Mturkana, Mmeru, Mborana na Msamburu husali rozari benchi moja, kisha siku ya kuchagua mwenyekiti kila mtu hutafuta wa kwao. Mweka hazina naye haulizwi hesabu, kwa kuwa ni shemeji au jirani. Hapo hata jimbo likitunga sheria mpya, itasaidia nini?

Basi nawaomba: chagueni anayefaa, hata kama si wa kabila lenu. Mheshimiwa akija, aketi na wengine na atoe sadaka kimya kama mama muuza mboga. Na jumuiya yako ikikutana wiki hii, simama uombe daftari la michango lisomwe, hata kama jina lako ndilo lenye deni.