Nguvu Si Uzito Pekee: Faida ya Mpira Mzito Shuleni

Mtu akisimama ufukweni Kimbiji, kusini ya bandari ya Dar es Salaam, katika eneo lililokuwa zamani la Wilaya ya Temeke na sasa ni la Kigamboni, aweza kumwona mvuvi akirusha kimia. Hukikunja mkononi, huzungusha kiwiliwili, kisha hukiachia kwa mara moja nacho hufunguka juu ya maji. Hodari wa kazi hii si lazima awe mtu wa mwili mkubwa. Hodari ni yule awezaye kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Hata hivyo, tunapochagua vijana wa kurusha tufe, kisahani na mkuki kwa ajili ya mashindano ya UMISSETA, aghalabu twatazama ukubwa wa mwili tu. Kijana mwembamba huambiwa akakimbie. Kwa maoni yangu, desturi hii ni kosa la kisayansi, nayo huwanyima vijana wengi, hasa wasichana, nafasi iliyo haki yao.

Kosa hilo huanzia katika neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku, "nguvu" hubeba maana mbili ambazo fizikia huzitenganisha. Kani ni msukumo au mvuto unaotendwa juu ya kitu. Nguvu ni kazi iliyofanyika ikigawanywa kwa muda uliotumika. Anayeinua mzigo mzito polepole ana kani kubwa, lakini nguvu yake yaweza kuwa ndogo.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi akilala chali na kuinua chuma cha kilogramu 40 kwa nusu mita katika sekunde 2, hufanya kazi ya jouli 200. Nguvu yake basi ni wati 100. Mwenzake akisukuma mpira wa kilogramu 2 kutoka kifuani kwa nusu mita, hata ukamtoka mikononi kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde, ameupa nishati ya jouli 36 tu. Lakini tendo hilo, ikiwa mchapuko ni ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, limechukua sehemu moja ya sita ya sekunde. Nguvu yake ni wati 216, zaidi ya mara mbili ya mwinua chuma.

Mwanafiziolojia Mwingereza A. V. Hill alionyesha mwaka 1938 kwamba kadiri msuli unavyojikunja kwa kasi zaidi, ndivyo kani yake inavyopungua. Kwa hiyo nguvu ya juu kabisa haipatikani penye mzigo mzito mno, wala penye mkono mtupu. Hupatikana msuli unapotoa kadiri ya theluthi moja ya kani yake kubwa kabisa. Tena mwinua chuma hulazimika kupunguza mwendo kabla mikono yake haijanyooka, kwani hawezi kukiachia. Mrusha mpira huuachia, na misuli yake husukuma kwa kasi hadi mwisho.

Walimu wengine watasema kwamba shule zetu hazina vifaa. Kifaa hiki twaweza kukitengeneza wenyewe. Chukua ganda la mpira wa miguu uliochakaa, toa kibofu chake, weka ndani mfuko mdogo wa mchanga mkavu, uzungushie usumba wa nazi mpaka ganda lijae, kisha ushone kwa uzi wa nyavu. Usilijaze mchanga mtupu. Mpira huo una nusu kipenyo cha sentimita 11 hivi, yaani ujazo wa lita 5 na nusu. Ukijaa mchanga utakaribia kilogramu 9, mzito kuliko tufe la wanaume, ambalo ni kilogramu 7.26. Mzigo kama huo utamfunza kijana kwenda polepole, na waweza kumuumiza bega. Kilogramu 2 zatosha kuanzia, na 3 kwa waliokwisha kuzoea.

Mpira huo huo ni kifaa cha maabara. Mwanafunzi asimame, mgongo ukigusa ukuta, ausukume mpira mbele bila kuuinamisha wala kuuinua. Ukiachiwa katika kimo cha mita 1.25, utafika chini baada ya nusu sekunde. Ukianguka mita 3 mbele ya pale ulipoachiwa, kasi yake ilikuwa mita 6 kwa sekunde. Kwa futi kamba na mizani pekee, darasa zima laweza kupima nguvu ya kila mmoja, na kurudia kipimo hicho mwisho wa muhula.

Yatupasa kuwa waangalifu. Misuli ipashwe moto kwanza. Mpira urushwe mchangani, usidakwe ukitoka juu. Marusho 6 hadi 8 yafuatwe na mapumziko, na kasi ikianza kupungua zoezi likome. Wala sidai kwamba mpira pekee hufanya bingwa: kani nayo hujengwa, na ufundi hufundishwa. Lakini mkuki wa wanaume una gramu 800 na wa wanawake 600. Hapo kasi ndiyo inayoamua.

Tanzania si ngeni katika mchezo huo. Zakayo Malekwa alituwakilisha katika kurusha mkuki kwenye Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1980, 1984 na 1988. Jirani yetu Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza sehemu kubwa ya ufundi wake kwa kutazama video za YouTube, alirusha mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia. Hakungoja mpaka aletewe kila kitu.

Ndugu walimu wa michezo na wa fizikia, hatuna budi kushirikiana. Kabla hatujamwambia kijana kwamba hana mwili wa kurusha, na tumpe mpira wa mchanga na usumba, tupime kasi yake, tumfunze muhula mmoja, kisha tupime tena. Uamuzi wetu ndipo utakuwa na haki.