Rehoboamu alipofika Geita

Kama Biblia iko karibu, fungua 1 Wafalme 12. Rehoboamu anakwenda Shekemu kutawazwa. Watu wanamwomba awapunguzie mzigo aliowatwika baba yake. Wazee wanamshauri awasikilize. Yeye anawafuata vijana aliokua nao, anajibu kwa ukali, kisha anamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa. Kati ya watumishi wote, huyo! Wakampiga mawe hadi akafa.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunayo Shekemu yetu. Mwaka 1958 Waingereza walijua kwamba siku moja Tanganyika itakabidhiwa kwa wenyewe. Hata hivyo waliilazimisha Geita kukubali baraza la wilaya la mchanganyiko, Waafrika wakae na Wazungu na Waasia, ilhali wageni hao walikuwa wachache mno wilayani. TANU ilikuwa imezuiwa Usukumani tangu 1954, kwa hiyo serikali ilikuwa imejinyima mtu wa kuzungumza naye. Watu wakaenda wenyewe Mwanza, kwa maelfu, kulalamika. Polisi wakawatawanya.

Julai mwaka huohuo akaja Gavana mpya, Richard Turnbull, kutoka Kenya ya Mau Mau. Ungetegemea mkono wa chuma. Nyerere naye alikuwa kizimbani kwa kuwakashifu maofisa wa serikali; akatozwa faini, akalipa badala ya kwenda jela. Wawili hao wakaanza kuzungumza. Turnbull hakuacha kuwa Gavana, wala Nyerere hakuacha kudai uhuru. Kwa maoni yangu, Geita iliwafundisha wote wawili. Baraza lile likaachwa, zuio la TANU likaondolewa, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikakabidhiwa bila vita.

Kwa nini nayakumbusha leo? Kwa sababu huku kwetu makabidhiano hayajaisha. Buzwagi, pale Kahama, uzalishaji ulikoma 2021, na migodi mingine nayo itafika mwisho wake. Tangu marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inautaka mgodi kukubaliana na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa kuihudumia jamii, na inaitaka halmashauri iwaelimishe wananchi kuhusu miradi hiyo. Wangapi kijijini kwako wamewahi kuuona mpango huo?

Huenda unakaa benchi moja na diwani wako kila Jumapili. Leo baada ya ibada, kabla hajapanda pikipiki, msalimie, kisha umuulize kilichoandikwa mwaka huu, na nani aliulizwa kabla hakijaandikwa.