Oili ya Pikipiki Iliyotumika ni Jukumu la Mwenye Pikipiki



Katika nyumba nyingi za pwani yetu, pikipiki ya bodaboda siku hizi ni mali ya mama. Fedha zimetoka kwenye zamu yake ya chama au kwenye bangili aliyoiuza, akanunua iliyokwisha kutumika kwa kuwa mpya ilimshinda bei. Kijana, awe mwanawe au mtoto wa jirani, ndiye aiendeshaye na kuleta hesabu jioni. Mama huyo hujua bei ya tairi na hukumbuka siku hesabu ilipopungua. Lakini mwulize ndani ya injini mna oili gani, atakwambia hayo anayajua fundi. Na fundi naye atakwambia ametia ile aliyoikuta dukani. Injini ikifa, si fundi atakayelipa.

Kwanza ijulikane kwamba oili ya pikipiki si ile ile ya gari. Gari huwa na oili ya injini, na gia huwa na oili zake mbali. Pikipiki nyingi za bodaboda hazina mgawanyo huo: oili moja, kiasi cha lita moja hivi, hulainisha pistoni, huhudumia gia, na sahani za klachi nazo huoga ndani yake. Sahani hizo kazi yake ni kushikana. Baadhi ya oili za magari, hasa zile nyepesi zilizotengenezwa kupunguza matumizi ya petroli, zimetiwa dawa za kuongeza utelezi. Kwa gari ni faida. Kwa klachi ya pikipiki ni balaa. Kijana akipandisha kilima na abiria nyuma, injini hunguruma kwa nguvu na pikipiki haisogei kwa kadiri ya mngurumo wake. Ataambiwa klachi imekwisha, na klachi mpya itanunuliwa, itiwe ndani ya oili ile ile.

Basi, mama, chukua chupa usome mgongoni mwake. Tafuta neno JASO, ambalo ni kipimo cha Wajapani, na mbele yake herufi MA au MA2. Hizo zina maana kwamba oili inafaa kwa klachi inayooga katika oili. Ukiona MB, iache. Hiyo ni ya skuta na vyombo ambavyo klachi yao haikai ndani ya oili. Halafu kuna nambari kama 20W-50 au 10W-30. Ya kwanza hueleza wepesi wa oili ikiwa baridi, ya pili hueleza uzito wake injini ikiwa moto. Ipi ni yako, hilo limo katika kitabu cha pikipiki, na kitabu kikiwa kimepotea, wakala wa aina hiyo ya pikipiki atakwambia. Usichague kwa kusikia kwamba nzito ndiyo bora. Oili iliyo nzito kupita inavyotakiwa huchelewa kufika juu ya injini asubuhi, na hapo ndipo vyuma hulika.

Kuhusu uzito huo pana jambo jingine. Pikipiki iliyochoka ringi hutoa moshi wa buluu kwa sababu inachoma oili. Baadhi ya wauzaji hutia oili nzito mno, au dawa ya kuzidisha uzito, moshi ukapungua kwa siku chache mpaka mnunuzi atoe fedha. Hiyo ni ghushi, haina jina jingine, hata kama sokoni wanaiita ujanja. Kwa hiyo ukinunua pikipiki kuukuu, usiiamini oili uliyoikuta ndani. Imwage siku ile ile, na uitazame inavyotoka. Ikiwa nyeusi tu, usishtuke. Oili njema hubeba masizi, na weusi ni dalili kwamba inafanya kazi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na katika miji yetu ambayo barabara hugeuka mito wakati wa masika si ajabu. Ikinuka petroli, kabureta huenda inavuja. Ukiona vipande vya chuma, rudi kwa muuzaji kabla hamjasahauliana.

Wengi huuliza kama ni salama kuhama kutoka oili ya kawaida kwenda ile ya sintetiki. Ni salama, maadamu kipimo na herufi ni zile zinazotakiwa. Aina hizi mbili haziui injini kwa kukutana. Huenda pikipiki yenye sili zilizokauka ikaanza kuvuja, kwa kuwa uchafu ulioziba ufa umesafishwa. Ufa ulikuwapo tangu zamani. Lakini kwa injini iliyotembea sana, mimi naona heri oili ya kawaida iliyo halisi, ibadilishwe kwa wakati, kuliko ya ghali itakayoachwa ndani kwa kuonewa uchungu.

Imwagwe injini ikiwa na joto kiasi, si moto wa kuunguza. Kama ina chujio, lisafishwe au libadilishwe kwa namna yake. Nati ya chini isikazwe kwa hasira, maana mwili wa injini ni aluminiamu na mikunjo yake huchanika. Oili isizidi alama ya juu. Kuzidisha kuna madhara yake pia. Baada ya mwago wa kwanza wa pikipiki uliyoinunua, mwaga tena mapema, kwa mfano ifikapo kilomita 500, ili mabaki ya zamani yatoke. Kisha fuata kitabu. Kijana anayekwenda kilomita 100 kwa siku hufikisha 2,000 kwa siku 20, kwa hiyo hesabu za miezi hazimfai.

Na nani alipe? Sitafungua hapa mlango wa ijara, lakini rai yangu ni kwamba mwenye pikipiki ainunue oili mwenyewe. Kijana anayeitoa mfukoni mwake, na nyumbani unga umekwisha, ataahirisha wiki moja, kisha nyingine. Nunua dukani unakojulikana, tazama kizibo kama kimefunguliwa, tafuta alama ya shirika la viwango, KEBS. Nambari yake huhakikiwa kwa ujumbe wa simu kwenda 20023. Chupa ikiisha itoboe, wapo wanaookota chupa tupu na kuzijaza wanavyotaka.

Oili chafu isimwagwe uani wala kwenye mtaro. Visima vyetu ni vya karibu na ardhi yetu ni mchanga na matumbawe. Kilichomwagwa juu hufika chini upesi. Isipakwe kidondani, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Itieni katika dumu lenye kifuniko, liandikwe, liwekwe mbali na dumu la mafuta ya kupikia, na likijaa lipelekwe gereji inayokusanya oili kuukuu.