Mchumba wa Mchezoni na Imani Yake



Juma hili nawaletea habari ambayo wengine wenu mtaicheka, na wengine mtanikasirikia. Mzee wa miaka 84 amekaa usiku tatu mfululizo mbele ya kompyuta ya mjukuu wake, hapa hapa Kisesa, akitazama jinsi kijana anavyomposa binti asiyekuwako duniani. Nisikilizeni kwanza, hukumu mtaitoa baadaye.

Mjukuu wangu ni fundi wa simu pale Igoma. Hukaa kwangu, maana nauli ya kwenda na kurudi ni nafuu kuliko kodi ya chumba mjini. Mwezi uliopita alinijia jioni, akaketi kwa adabu kupita desturi yake, nikajua ana neno. "Babu," akasema, "nataka uwe mshenga wangu." Nikamwuliza ni binti wa nani. Akanitajia nyumba moja ya upande wa Magu, watu wema, wachapa kazi, nawafahamu tangu zamani.

"Hao si Wasabato?"

"Ndio, Babu."

"Na ninyi wawili mmekwisha zungumza habari hiyo?"

Hapo akacheka. "Usihofu, Babu. Atabadilika tu. Mimi Shadowheart nimembadilisha kwa usiku tatu."

Nilidhani Shadowheart ni msichana wa Kizungu aliyekutana naye katika kazi yake, nikaanza kupandwa na hasira. Kumbe ni mtu wa mchezo wa kompyuta. Mchezo wenyewe waitwa Baldur's Gate 3, umetengenezwa na kampuni ya Larian ya mjini Ghent, Ubelgiji, ukatolewa mwezi wa Agosti mwaka 2023. Mchezaji husafiri na wenzi kadha wa kadha, huzungumza nao, hugombana nao, na akipenda huweza kumchumbia mmoja wao. Mwenzi akipendezwa na neno lako, maandishi madogo hutokea juu ya kioo kukujulisha ya kuwa amekubali. Nilitamani nyumba zetu nazo zingekuwa na maandishi hayo.

Basi huyo Shadowheart ni kuhani wa kike wa mungu mke aitwaye Shar, mungu wa giza na wa kupotewa. Amekubali kufutwa kumbukumbu zake kwa ajili ya mungu wake. Ana jeraha mkononi ambalo humwuma ghafula, wala hajui sababu. Baadaye yajulikana ya kuwa alizaliwa katika nyumba ya watu wa Selûne, mungu wa mwezi, adui mkubwa wa Shar, akanyakuliwa akiwa mtoto, na wazazi wake wakafungwa. Hata yafika siku anaposimama na mkuki mkononi, ameamriwa amwue mfungwa mmoja ili apandishwe cheo. Mchezaji yu karibu naye. Afanye nini?

Nitairudia habari ya mkuki huo. Kwanza nilimwuliza kijana kama wako wachumba wengine wa namna hiyo wenye dini. Akasema wako wengi, akanisimulia mpaka umeme ukakatika, na baada ya hapo akaendelea gizani.

Wengi wao watoka katika kampuni moja iitwayo BioWare, ya mji wa Edmonton, Kanada. (Padre David Clement, aliyetuanzishia makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, naye alikuwa Mkanada. Nchi ile imetuletea padre aliyezikusanya ngoma na viti vya watemi wetu, na sasa imetuletea haya. Sisemi zaidi.) Katika Mass Effect, mchezo wa mwaka 2007, yumo askari mwanamke, Ashley Williams, mtu wa siku zijazo ambaye husafiri baina ya nyota. Humwambia mkubwa wake waziwazi ya kuwa amwamini Mungu, kisha humwuliza kama jambo hilo lamsumbua. Alinipendeza huyu. Hahubiri wala hafichi. Asema, halafu atazama uso wako.

Katika Dragon Age: Inquisition, wa mwaka 2014, yumo Cassandra, mshika dini mkali wa Muumba wa nchi ile ya hadithi. Naye humwuliza mchezaji kama anaamini. Waweza kusema ndio, waweza kusema la, na bado mlango wa uchumba haufungwi. Mjukuu aliona hilo ni jema sana. Mimi nilitia shaka. Swali kubwa namna ile kuulizwa, na jibu lisigeuze kitu katika posa? Mama mkwe yeyote wa hapa Usukumani angelikumbuka jibu lile miaka ishirini.

Zaidi ya hao yuko Sebastian wa Dragon Age II, wa mwaka 2011. Ni mwana wa mfalme aliyejitoa kwa kanisa la huko, na ukimchumbia hadithi huishia katika ndoa isiyo na tendo la ndoa, kwa ajili ya nadhiri. Vijana wengi humcheka, asema mjukuu. Lakini mtu yule ukimsamehe mwenzako aliyelipua kanisa lake, akuacha papo hapo na kuapa kurudi na jeshi. Nikasema, huyu angalau imani yake ina gharama.

Aliyenigusa kuliko wote ni Thane, wa Mass Effect 2, mwaka 2010. Kazi yake ni kuua watu kwa ujira, naye ni mgonjwa wa mapafu asiyepona. Huomba kwa miungu ya kale ya kabila lake, ambayo wengi wa kabila hilo wamekwisha iacha. Katika mchezo uliofuata anakufa hospitalini, mwanawe akimsomea sala pamoja na mchezaji. Sala ikiisha, mwana asema ya kuwa maombi yale hayakuwa kwa ajili ya baba yake mwenyewe. Baba yake alikuwa akimwombea yule anayempenda. Mjukuu alinisimulia hayo gizani, naye alinyamaza kidogo baada ya kusimulia. Nami nilinyamaza.

Najua wako wasomaji watakaosema michezo hii ni upuuzi mtupu, nyingine ni mibaya. Mingine ni mibaya kweli, na si ya watoto. Huu wa Baldur's Gate una mambo ambayo nilimwambia kijana ayapite upesi, akayapita. Lakini niliona jambo moja ambalo sikulitazamia. Mafundi wale wa Kanada na Ubelgiji walipotaka kuumba mtu ambaye mchezaji atampenda, walilazimika kumpa kitu ambacho yeye mwenyewe akipenda na kukiogopa kuliko anavyompenda mchezaji. Pasipo hicho angekuwa sanamu.

Tena niliona walipokosea. Imani ya Shadowheart yamngojea mchezaji. Kijana akienda kazini Igoma kutwa nzima, binti yule amesimama palepale, haombi, hafungi, wala hapotezi imani yake mpaka fundi arudi na kuwasha kompyuta. Wala hana shangazi.

Binti wa Magu ana shangazi. Siku ya Ijumaa jua likizama kazi hukoma nyumbani kwao, mpaka jua la Jumamosi lizame. Kambale hawamli, kwa kuwa hana magamba. Mjukuu wangu Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja wengi, na supu ya kambale, ninyi mnaomjua mwamjua. Nilimwuliza, "Watoto wenu watapumzika siku gani?" Akasema hayo ni ya mbele.

Basi ilinibidi nimwambie ambayo sikuwahi kumwambia mtu wa nyumba hii.

Bibi yake nilimwoa mwaka 1964. Alikuwa wa Kanisa la Afrika Inland, binti wa mwalimu wa kwaya. Siku hizo sheria ya Kanisa letu, ile ya mwaka 1917, ilitaka ahadi kwa wote wawili: yeye aahidi kutoizuia imani yangu, na wote tuahidi watoto kubatizwa na kulelewa Wakatoliki. Karatasi ililetwa, akatia sahihi. Alikuwa na mwandiko mzuri. Siku hiyo aliandika jina lake vibaya, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mama yake hakuja arusini.

Sheria ile ilinitaka mimi, mume Mkatoliki, nijitahidi kwa busara kumvuta mke wangu aongoke. Nililishika neno kujitahidi, neno busara nikalisahau. Nilimwekea katekisimu kando ya unga. Nilipomsikia akiimba nyimbo za kwao jikoni, nilikohoa. Kila mgeni padre alipokuja, nilimtazama mke wangu kama mtu atazamaye chungu kama kimechemka. Miaka minane! Hata siku moja mwaka 1972, akipepeta mchele, aliniambia bila hasira: "Wewe huzungumzi na mimi. Wazungumza na yule unayetaka niwe."

Wakati huo sheria yenyewe ilikuwa imekwisha kulegezwa. Papa Paulo wa Sita aliandika juu ya ndoa za mseto mwezi wa Machi mwaka 1970, na tangu hapo ahadi hutolewa na upande wa Mkatoliki peke yake. Yule mwingine huarifiwa tu, apate kujua mwenzake amejifunga kwa lipi. Sheria ya mwaka 1983, inayotumika hadi leo, imeshika hivyo hivyo. Ruhusa ya Askofu yatakiwa bado, na ahadi ya Mkatoliki kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe katika Kanisa lake. Lakini lile agizo la kumwongoa mwenzi halimo tena. Nilipoelezwa hayo na padre mmoja, niliona haya kuliko nilivyofurahi.

Nikaacha kukohoa. Kila Jumapili alitupigia pasi nguo, akatutuma Misa na watoto, kisha akashika njia yake kwenda upande mwingine na kitabu chake cha nyimbo kwapani. Mwaka 2009 alifariki katika imani ya baba yake. Usiku wa mwisho aliniomba nimwimbie mmoja wa zile nyimbo za jikoni. Nilimwimbia. Maneno mengine sikuyajua, nikajaza kwa mluzi, naye akacheka mpaka nikamkanya asichoke.

Mjukuu hakusema kitu. Akawasha kompyuta, akanionyesha pale penye mkuki.

"Babu," akasema, "sikukwambia kweli yote. Hapa nilimbembeleza kwa maneno. Ukibembeleza, mchezo hutupa kete yenye pande 20. Nambari ikiwa ndogo umeshindwa. Nilishindwa. Nikarudi nyuma mahali nilipokuwa nimehifadhi, nikatupa tena. Nilirudi mara saba."

"Kwa hiyo hukumbadilisha. Ulichosha kete."

Akacheka kwa aibu. Nikamwuliza kama hakuna jambo jingine la kuchagua isipokuwa kubembeleza. Akasema lipo moja, la kumwachia aamue mwenyewe. Hakulijaribu, kwa kuwa aliona ni la hatari. Nikamwambia alijaribu sasa, nipo. Akabonyeza. Tukakaa kimya, mimi nimeshika fimbo yangu kama niko kanisani. Yule binti alisimama na mkuki wake, akahangaika, kisha akautupa mbali.

Mjukuu akaruka kwa furaha. Lakini akanieleza baadaye ya kuwa haiwi hivyo sikuzote: yategemea mlivyoishi tangu mwanzo wa safari, na kama hukuwa rafiki yake wa kweli aweza kumwua yule mfungwa mbele ya macho yako. Nikasema, hapo mafundi wa Ubelgiji wamejua kitu. Ila kosa lao ni lile la kurudi nyuma. Mimi katekisimu ile kando ya unga sikuwa na mahali pa kuirudia.

Basi wasomaji, mtauliza kama nimekubali kuwa mshenga. Nilimwambia siendi Magu kupeleka habari za ng'ombe mpaka kwanza azungumze na binti mwenyewe, uso kwa uso, si kwa simu. Amweleze ahadi ambayo yeye Mkatoliki atatakiwa kuitoa juu ya watoto, asifiche hata neno moja, kisha asikilize. Alikwenda Jumapili baada ya Misa. Alirudi usiku, amekaa kimya kama mtu aliyeibiwa.

Asema alieleza yote. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakulia wala hakukasirika. Akauliza jambo moja tu: "Mimi umeniambia watoto watakuwa wapi Jumapili. Na wewe, Jumamosi mimi nikiwa kanisani, utakuwa wapi?"

Hilo halikuwa katika orodha ya majibu ya kubonyeza. Mpaka leo bado hajampa jibu. Kompyuta nayo haijawashwa. Jana Jumamosi niliona hakwenda Igoma. Alishinda chini ya mwembe, akifungua na kufunga redio yangu ambayo haina ubovu wowote.