Kodi ya Wanandoa Ujerumani: Kila Mtu na Mshahara Wake

Serikali ya Kansela wa Ujerumani, Olaf Scholz, ilipovunjika Novemba 2024, wachambuzi walishughulika na kufukuzwa kwa waziri wa fedha, Christian Lindner. Wachache walitazama kilichopotea ndani ya vurugu zile. Julai ya mwaka huohuo Baraza la Mawaziri lilikuwa limekubali kwamba ifikapo 2030, daraja la tatu na la tano la kodi ya wanandoa yafutwe. Desemba Bunge likapitisha muswada uliopunguzwa: posho ya watoto ikaongezwa, viwango vya kodi vikarekebishwa, madaraja yale yakaachwa palepale. Ni uamuzi mbaya. Mke na mume wanapaswa kutozwa kodi kila mmoja kwa kipato chake, na Ujerumani haina udhuru wa kuendelea kusuasua.

Utaratibu wenyewe wa kuwatoza wanandoa kwa pamoja ni wa tangu 1958. Mapato ya wanandoa hujumlishwa, hugawanywa kwa mbili, kodi ya nusu moja hukokotolewa, kisha huzidishwa mara mbili. Kwa kuwa kiwango cha kodi hupanda pamoja na kipato, nafuu kubwa humwendea mwenye mshahara mnono ambaye mwenzake hana kipato. Wawili wenye mishahara sawa hawapati hata senti. Mkurugenzi asiye na mtoto, mkewe akiwa nyumbani, huokoa maelfu ya euro kwa mwaka. Mama anayelea watoto peke yake hana mtu wa kugawana naye hesabu. Yeye huambulia punguzo la euro 4,260 kwenye mapato yanayotozwa, na kiasi kidogo kwa kila mtoto anayeongezeka.

Watetezi wana hoja zao. Wanasema mke na mume hula chungu kimoja, kwa hiyo serikali iwahesabu kama kitu kimoja. Wanasema pia kuwa katiba inailinda ndoa, na kwamba Mahakama ya Katiba ilikwisha kulisema hilo mwaka 1957. Ni kweli kwamba mahakama ilikataza wanandoa kutozwa zaidi kwa sababu tu wameoana. Lakini kukataza adhabu si kuamuru zawadi. Na kama nia ni kuilinda ndoa, mbona mfanyakazi Mtanzania aliyeko Hamburg, ambaye mkewe amebaki Tanga, hukatwa kwa daraja la kwanza kama kapera? Ndoa yake ni ndoa vilevile.

Hata hivyo, kinachonifanya niukatae mfumo huu kabisa hakipo kwenye hesabu ya mwisho wa mwaka. Kipo kwenye mshahara wa kila mwezi.

Wanandoa wanaotofautiana kipato huruhusiwa kuchagua daraja la tatu kwa mmoja na la tano kwa mwingine. Mwaka 2025 kila mtu alikuwa na euro 12,096 zisizotozwa kodi. Aliye daraja la tatu huchukua fungu lake na la mwenzake, yaani euro 24,192 kwa mwaka huo. Aliye daraja la tano hana fungu hilo kabisa, hivyo hukatwa kuanzia chini. Kwa kawaida mwenye la tatu ni mume, na mwenye la tano ni mke. Serikali inachukua haki ya mke na kuiingiza kwenye mshahara wa mumewe, mwezi baada ya mwezi.

Tunaambiwa tusijali, kwa sababu ritani ikishawasilishwa hesabu husawazishwa. Hapo ndipo penye udanganyifu. Kinachosawazishwa ni kodi ya nyumba nzima. Mafao ya mwanamke hayasawazishwi. Akipoteza kazi, fao lake ni asilimia 60 ya mshahara unaobaki baada ya makato, au 67 akiwa na mtoto, na makato hayo hukokotolewa kwa daraja la tano. Akijifungua, posho ya malezi nayo hupimwa kwa kile kilichokuwa kikimfikia mkononi. Wakati wa korona mwaka 2020, waajiriwa waliopunguziwa saa za kazi walilipwa fidia kwa kanuni hiyohiyo. Wanawake wawili wenye mshahara sawa katika ofisi moja, mmoja daraja la nne, ambako kila mwanandoa hubaki na fungu lake, na mwingine la tano, walipata fidia tofauti. Hakuna ritani inayorudisha fedha hizo.

Wengine hujibu kwamba wanandoa huchagua wenyewe. Jibu hili limenichosha. Kinachowekwa mbele ya wanandoa wapya ni jumla ya fedha zitakazoingia nyumbani mwezi ujao, na jumla hiyo huwa kubwa zaidi kwa madaraja ya tatu na tano. Atakayekuwa analea mimba miezi sita ijayo hagundui mapema kwamba amekwisha jipunja. Binti aliyetoka Mombasa, anayeanza maisha kwa mshahara mdogo na Kijerumani cha kubahatisha, atagundua vipi? Kisha mshahara wake ukikatwa hadi uonekane hauna maana, nyumbani wanaulizana kama kuna haja ya yeye kufanya kazi. Swali hilo mume haulizwi. Ndoa ikivunjika, mwanamke anabaki na miaka pungufu ya kazi na pensheni inayofanana nayo.

Nchi nyingine zilishalimaliza suala hili. Sweden ilianza kutoza kila mtu peke yake mwaka 1971, Uingereza mwaka 1990. Sisi Afrika Mashariki tunaijua ladha ya sheria ya namna hii: Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya ya 1973, kifungu cha 45, ilitamka kuwa mapato ya mke anayeishi na mumewe ni mapato ya mume. Ujerumani haisemi hivyo kwa maneno, ila karatasi ya mshahara inasema.

Basi madaraja ya tatu na tano yafutwe bila kusubiri 2030, ndoa mpya zianze na kodi ya mtu mmojammoja, na fedha zitakazookolewa zielekezwe kwa watoto, wazazi wao wawe na cheti cha ndoa au wasiwe nacho.