Manjaro si Arch ya wavivu

Nimekuwa kimya kidogo, lakini leo nina la kukiri, halafu nina hoja.

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Rafiki yangu mwenye steshenari pale Makambako akanipigia: "Mwandishi, mashine yangu imekataa Windows 11. Nifanyeje?" Mimi niko Njombe, natumia Arch Linux, na sisi watu wa Arch tuna ugonjwa wa kujitapa. Nikapanda Coaster, nikamwekea Arch.

Siku ya tatu akaja mteja na CV ya kuprinti, anawahi usaili. Printa haikuonekana. Mteja akavuka barabara kwa jirani, na wengine wakamfuata. Rafiki yangu hakunifokea. Alinitumia tu picha ya kaunta tupu. Iliniuma kuliko tusi.

Je, Arch ilikosea? Hapana. Arch, aliyoianzisha Judd Vinet mwaka 2002, haikuwahi kumuahidi mtu printa. Inakupa msingi mtupu: kerneli, zana chache na skrini nyeusi ya kuandikia amri. Mengine unachagua mwenyewe. Hata CUPS, huduma ya kuprinti, unaiweka na kuiwasha wewe. Tangu 2021 ipo archinstall inayorahisisha usimikaji, ila maamuzi bado ni yako. Ni kama kupewa kiwanja na mbao: ukiwa fundi utajenga utakavyo. Aliyekosea ni mimi. Mtu alihitaji nyumba, nikampelekea mbao za Njombe.

Jumamosi nikarudi na flash yenye Manjaro. Mradi huu ulianza 2011 na jina lake limetokana na mlima wetu Kilimanjaro. Umejengwa juu ya Arch, ila unakuja na madirisha yake, kivinjari, na programu ya kuongezea programu nyingine kwa kubofya. Mchana ule ule printa ikatoa karatasi.

Tofauti kubwa zaidi haionekani kwa macho. Mifumo yote miwili haina matoleo ya kusubiri miaka. Masasisho yanatiririka muda wote. Arch inayatoa yakishapita majaribio yake. Manjaro inayashikilia tena, mara nyingi kwa wiki kadhaa, yakipita ngazi tatu: unstable, testing, kisha stable. Kwa mwenye duka, kuchelewa huko ni kinga.

Lakini kinga ina bei. Ipo AUR, ghala la maelekezo ya programu yanayoandikwa na watumiaji wa Arch. Maelekezo hayo yanadhani una vifurushi vipya kabisa. Manjaro ikiwa nyuma, programu inaweza kugoma. Pia mwaka 2015 Manjaro waliacha cheti cha usalama cha tovuti yao kiishe muda, wakawashauri watu warudishe saa nyuma! Mtu akikuamulia mambo, na uzembe wake unakuwa wako.

Na bando je? Kote kote masasisho yanakula bando. Nimemwambia asasishe siku isiyo na kazi nyingi, baada ya kunakili faili za wateja. Mtaniuliza, kwa nini si Linux Mint yenye masasisho mepesi? Swali zuri, na huenda mko sahihi. Nilibaki kwenye familia ninayoijua ili nikipigiwa simu niweze kumsaidia.

Hoja yangu ni hii: wanaosema Manjaro ni Arch ya wavivu hawajawahi kukaa kwenye kaunta ile. Urahisi maana yake kuna mtu alikesha kabla yako. Mimi nitaendelea na Arch, kwa sababu ikiharibika usiku nina muda wa kuhangaika nayo na blanketi begani. Yeye saa mbili asubuhi ana mteja mlangoni. Kabla hujamshauri mtu mfumo, uliza kwanza ukiharibika nani atakula hasara.

Naomba kutoa hoja.