Soma Kabla Mama Hajasaini

Jamani, mnaijua ile simu ya "Mwanangu, Ijumaa una kazi?" Ukiisikia, ujue kuna karatasi inatakiwa mahali.

Safari hii ilikuwa hati ya uwakilishi. Nyumba ya babu iko Tanga, ina majina mawili: la Mama na la mjomba. Mjomba yuko kule, Mama yuko Leicester, na bati linavuja. Ili mjomba ashughulike na wapangaji na mafundi kwa niaba ya Mama, anahitaji hati yenye saini yake, iliyoshuhudiwa na mtu anayekubalika kisheria. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli unawaruhusu maofisa wa konseli kuifanya kazi hiyo, ndiyo maana wazazi wetu wanapanda basi alfajiri kwenda ubalozini London.

Usiku wa kuamkia safari Mama alishatoa kalamu yake nzuri. Nikamwambia asisaini, unasaini mbele ya ofisa au inakuwa kazi bure. Nashukuru nilisema.

Kwenye basi akanipa hati. "Nisomee nisikie."

Ilikuwa Kiingereza cha mawakili, na Kiswahili changu mnakijua, ni cha jikoni. Naweza kugombania chapati ya mwisho, lakini kutafsiri sheria? Nikaanza hivyo hivyo. Kusimamia nyumba. Kukodisha. Kukarabati. Mama anaitikia kwa kichwa, anamenya chungwa. Halafu nikafika kwenye kuuza. Na neno lililofuata sikulijua kabisa kwa Kiswahili, nikasema, "Ni kama kuikopea pesa benki, ukishindwa kulipa wanaichu—"

"Rehani," akasema Mama.

Chungwa likarudi kwenye mfuko.

Akapiga simu palepale, basi zima linasikia. "Shikamoo kaka. Hujambo na watoto? Hiyo kuuza imetoka wapi?" Mjomba akacheka. Ni maneno ya wakili tu, dada, fomu zao zote ndivyo zilivyo. Inawezekana kabisa. Mimi namwamini mjomba, na nadhani Mama anamwamini pia, maana hakupandisha sauti. Alisema tu, "Basi yatoke, kaka, kama ni ya wakili."

Hati ilikuwa kwenye barua pepe. Nikafuta maneno mawili kwa kidole, tukatafuta duka la kuchapisha karibu na ubalozi, tukafika dirishani tunahema. (Nanyi angalieni majina: la kwenye pasi na la kwenye hati ya nyumba yafanane herufi kwa herufi. Likizidi hata "h" moja, mtaambiwa mlete hati ya kiapo.)

Ofisa akamuuliza, "Mama, umesoma na kuelewa unachosaini?"

"Nimesomewa na mwanangu."

Akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo kwa ajili ya Kiswahili changu, kawaida ni binamu zangu wanacheka. Nikasema ndiyo, nimemsomea yote.

Mama akasaini taratibu, muhuri ukagongwa. Hati halisi tumeituma kwa kurieri, kwa sababu picha ya WhatsApp haitamsaidia mjomba kwa Msajili wa Hati.

Kurudi, Mama akalitoa lile chungwa, akanigawia nusu. "Rehani," akasema. "Sema."

Nikasema.

"Tena."